Tafuta saizi yako: nilivyopanga mechi za gemu za risasi pale Nkuhungu

Ukikaa na watu wanaocheza gemu za risasi za kwenye simu hapa Dodoma haipiti robo saa utasikia mmoja anasema wamenipangia watu wa ajabu. Anayepigwa anasema hivyo, na anayeshinda kila siku naye anasema hivyo hivyo, kwamba akishinda mechi mbili tatu mfululizo gemu inamtupia wapinzani kama majini ili imkomeshe. Na mimi nilikuwa mlalamikaji mzuri tu, mpaka siku nilipojikuta mpangaji ni mimi, watu wamekaa mbele yangu na simu mkononi wananisubiri niseme nani aende na nani. Naandika haya kwa sababu najua kuna wengine mitaani huko wanataka kuanzisha kitu kama hiki, na pia kwa wale wanaocheza tu mtandaoni na hawaelewi kwa nini leo wamepigwa kama ngoma.

Mimi ni fundi simu, nina fremu Nkuhungu. Jioni vijana walikuwa wanakuja kuchaji na kutumia waifai, basi ikawa wakimaliza wanacheza, mwisho tukaanza kutengeneza rumu yetu wenyewe, watano kwa watano, upande mmoja unatega bomu upande mwingine unazuia. Gemu yenyewe siitaji jina, haitusaidii, ila ni zile ambazo rumu ya faragha ni bure, unatuma namba tu watu wanaingia. Wakaja wanachuo, wakaja bodaboda wa pale kituoni, akaja mwalimu mmoja wa sekondari, akaja mtumishi anayefanya kazi kwenye ofisi za serikali Mtumba, madogo wa fom foo, na dada mmoja nesi anayeishi Area C ambaye nitamrudia maana huyo ni habari nyingine kabisa.

Gharama niziseme mapema ili mtu asije akadhani ni kazi ya bure. Ruta niliyokuwa nayo simu kumi zikiingia pamoja ilikuwa inazubaa, nikanunua nyingine, karibu laki. Ekstensheni za kuchajia, mabenchi, na feni, na hiyo feni usiichukulie poa, Oktoba na Novemba Dodoma inavyowaka simu ikichezeshwa saa nzima inachemka, ikichemka yenyewe inapunguza kasi ili isiungue, na mtu anaanza kuona picha inaruka ruka akidhani ni intaneti. Bando kinyume na watu wanavyofikiri halikuwa tatizo, kucheza kwenyewe kunakula data kidogo tu, kinachomaliza ni apdeti, hizo zinakuja za GB kwa mpigo, kwa hiyo ukifungua kijiwe waambie watu washushe apdeti usiku wa kuamkia siku ya mechi, sio dakika kumi kabla mechi haijaanza.

Na simu zenyewe. Mimi ndo nazitengeneza hizi simu kwa hiyo naona tofauti kuliko wengine. Simu ya bei ya chini inatoa picha 30 kwa sekunde, yaani picha mpya kila baada ya milisekunde 33 hivi, simu ya mwenzie inatoa 90, picha mpya kila milisekunde 11. Yule wa pili anamuona adui anatokea kwenye kona kabla yule wa kwanza hajaletewa picha. Hapo hamjazungumzia kipaji bado. Tulikubaliana mechi zikiwa za ushindani wote wanaweka gemu kwenye picha 60 kwa sekunde na ambaye simu yake haifiki anaruhusiwa kuazima, nina simu mbili za dukani kwa ajili hiyo. Watu walinung'unika wakazoea.

Sasa tuje kwenye kupanga.

Wiki za mwanzo tulikuwa tunapiga kura, vikaratasi kwenye kofia. Kura ni haki, hakuna anayeweza kusema umempendelea fulani, lakini haki ya kura haina uhusiano na mechi nzuri. Siku nyingine watu wakali wanne wanaangukia upande mmoja, mechi inaisha kabla soda haijapata joto. Wana wakasema tuache kura, tufanye kama mpira wa mtaani, makepteni wawili wanachaguana. Ikawa bora kweli, timu zikakaribiana, mechi zikawa zinakwenda mpaka raundi ya mwisho, kelele mpaka majirani wanachungulia, mimi moyoni nikasema tumemaliza kazi.

Kulikuwa na dogo mmoja wa fom foo, mpole, anapenda gemu kuliko wote ila mkono wake mzito. Kwenye kuchaguana alikuwa anabaki wa mwisho, siku zote. Hakuna aliyemtukana, wala aliyemcheka, ni ile tu kila Jumamosi anasimama pale wanaitwa wenzie mmoja mmoja mpaka anabaki yeye na kepteni anasema "haya dogo njoo". Halafu kwenye mechi anakufa wa kwanza, anakaa anaangalia wenzie wakicheza mpaka raundi iishe, anaanza tena, anakufa tena. Akanitumia meseji, "Fundi leo sitakuja nina hom wek." Wiki iliyofuata hivyo hivyo. Baadaye hata meseji hakutuma. Na baada yake aliyekuwa wa pili kutoka mwisho akawa wa mwisho, na huyo naye baada ya muda akapata shughuli.

Hapo ndo kitu kikanigonga kichwani ambacho ndo sababu kubwa ya kuandika haya yote. Kwenye kile kijiwe malalamiko yote niliyokuwa nayapokea yalikuwa yanatoka kwa watu watatu wanne, wale wakali. Wanataka wacheze pamoja, wanataka tusiwasumbue na mizani, wanasema "fundi unatubana". Hawa nilikuwa nawasikia kila siku kwa sababu wapo. Waliokuwa wanaumia kweli hawakuwahi kulalamika hata siku moja, waliondoka tu, na mtu akishaondoka humsikii, unabaki unasikiliza wenye sauti na unadhani hayo ndo maoni ya wateja wote.

Na sio Nkuhungu tu. Mwaka 2024 kampuni ya Activision, wenye gemu ya risasi ya Call of Duty, walitoa maelezo marefu kuhusu jinsi wanavyopanga mechi zao, maana kelele za wachezaji zilikuwa zimezidi, hasa wale maarufu wanaorusha mechi zao laivu wakidai kupanga watu kwa uwezo kunaharibu starehe. Wakasema uwezo wanautumia kupanga tangu Call of Duty 4: Modern Warfare ya 2007, ila cha kuvutia zaidi ni jaribio walilofanya kimya kimya kwenye toleo la Modern Warfare III, walilegeza kigezo cha uwezo kwa sehemu ya wachezaji bila kuwaambia, wakaangalia nani anarudi kucheza na nani anapotea. Asilimia 10 ya juu kabisa walirudi zaidi. Asilimia 90 waliobaki walirudi kwa uchache zaidi. Nilipoisoma hiyo nilicheka peke yangu dukani, maana ndo yale yale ya dogo wangu wa fom foo, tofauti wao wana mamilioni ya watu na mimi nina daftari. Na fikiria inavyoendelea, wa chini wakiondoka, aliyekuwa wa katikati ndo anakuwa wa chini, anaanza yeye kula kichapo, na yeye anaondoka, mpaka wakali wanabaki wanatazamana.

Kwa hiyo nikatafuta namna ya kupanga kwa alama. Mwalimu ndo alinionyesha, yeye anacheza chesi, akasema kuna hesabu ya Elo, mtu anaitwa Arpad Elo, mtaalamu wa fizikia wa Marekani mwenye asili ya Hungaria, aliitengeneza kwa ajili ya chesi na shirikisho la chesi la dunia likaanza kuitumia 1970. Kila mtu anaanza na alama 1,000. Mkicheza, hesabu inaangalia tofauti yenu, mkiwa sawa nafasi ni nusu kwa nusu, ukimzidi mwenzio alama 200 unategemewa kushinda kama mara 76 kati ya 100, ukimzidi 400 ni kama 91. Kisha unalipwa kulingana na mshangao. Sisi tuliweka kiwango cha juu 32 kwa mechi, kwa hiyo wa 1,200 akimpiga wa 1,000 anaongeza 8 tu, ila akipigwa anapoteza 24. Kwa timu unachukua wastani wa watu watano, mnapanda na kushuka pamoja. Mwalimu alinitengenezea kwenye Excel, mimi najaza tu nani kashinda, na kwa asiyependa kompyuta daftari na kikokotoo cha simu vinatosha kabisa.

Kuzigawa timu, fanya hivi: wapange kumi kuanzia mwenye alama nyingi mpaka mwenye chache, wa 1, 4, 5, 8 na 9 wanakwenda huku, wa 2, 3, 6, 7 na 10 wanakwenda kule. Jumlisha hizo namba upate 27 na 28, zimekaribiana, na inachukua nusu dakika. Na kizuri kuliko vyote, hakuna anayesimama akisubiri kuchaguliwa. Unasoma majina kwenye karatasi basi.

Kuna waliotaka alama zihesabiwe kwa idadi ya maadui uliowaua. Tulijaribu, ikazingua vibaya. Mtu anaacha bomu limetegwa linahesabu yeye yuko upande wa pili wa ramani anatafuta wa kumuua aongeze alama, timu inapoteza yeye anafurahi. Tukarudi kwenye kushinda na kushindwa peke yake. Lakini nikiri kwamba wale waliotaka hivyo hawakuwa wajinga, kwa sababu kushinda na kushindwa kwa timu kunachelewa sana kukuambia nani ni nani, mtu mmoja hodari akiwekwa na vilaza wanne anaweza kukaa wiki nyingi alama zake hazisogei. Microsoft walipambana na jambo hilo hilo. Mfumo wao wa TrueSkill, ulioanza kutumika kwenye gemu za Xbox miaka ya 2000, ulikuwa unaangalia matokeo tu, halafu 2018 wakatoa TrueSkill 2 unaoangalia pia mauaji, uzoefu, kama mtu ana tabia ya kuacha mechi katikati, na kama amekuja na kikosi chake. Kwenye gemu yao ya Halo 5 ule wa zamani ulikuwa unabashiri mshindi kwa usahihi wa asilimia 52, yaani kama kurusha shilingi, mpya ukafika asilimia 68. Mimi sina hizo kompyuta, nina mwalimu.

Hilo la kikosi ni la kweli kuliko unavyodhani. Tulikuwa na bodaboda wawili, ukiwatenganisha kila mmoja ni mchezaji wa kawaida tu, ukiwaweka pamoja hawagusiki, mmoja akihema mwenzie anajua anakwenda wapi. Kwenye karatasi timu zinaonekana sawa, kwenye mechi wanaua watu. Sasa wakija pamoja tunawaongezea kila mmoja alama 100 za karatasi wakati wa kupanga, hizo hazibaki kwenye akaunti zao, ni za kusawazishia tu. Namba 100 niliitoa kichwani, hakuna sayansi, ila imefanya kazi.

Kwa mgeni usimuamini anachosema. Mgeni akiuliziwa anasema "mimi najua kidogo kidogo tu fundi", na hao wote wanasema hivyo, mwenye kujua na asiyejua. Tunampa 1,000 na alama ya kuuliza pembeni, mechi zake kumi za mwanzo alama zake zinapanda na kushuka mara mbili ya wengine, baada ya hapo zinatulia. Wazo sio langu, mtaalamu wa takwimu Mark Glickman miaka ya 1990 aliiboresha Elo kwa kuongeza kipimo cha uhakika, yaani pamoja na kusema huyu ni 1,000, unasema pia una uhakika kiasi gani kwamba ni 1,000.

Halafu pesa ikaingia, na pesa ikiingia kwenye kitu cha starehe jiandae. Tulikuwa tunachanga buku buku, mshindi wa mwezi anachukua. Haikupita muda nikaanza kuona mambo. Kuna jamaa mmoja mkali kabisa akaanza kufa ovyo wiki ya kwanza ya mwezi, anakimbilia katikati ya uwanja kama amechoka kuishi, alama zinashuka, halafu mwisho wa mwezi anapangwa na timu nzuri kwa sababu karatasi inasema yeye ni dhaifu, anachukua hela. Mwingine akaja na rafiki yake "mgeni" ambaye ni mgeni wa nani sijui, mechi ya pili tu tunaona anapiga watu risasi za kichwa kwa mbali, kumbe ana akaunti ya ranki ya juu huko mtandaoni, ameletwa na akaunti changa kwa kazi maalumu. Kwenye gemu za mtandaoni ndo vile vile, mtu anafungua akaunti mpya ili apangwe na wanaoanza awachape, na asikudanganye mtu kwamba ni kupumzisha akili, anatafuta wanyonge. Nikafuta michango. Mwezi uliofuata mshindi alipata kava ya simu na kioo cha ulinzi nilichombandikia mwenyewe, na michezo ya kujiangusha ikaisha kabisa, hakuna anayekubali kufa kizembe mara ishirini kwa ajili ya kava. Mchango wa waifai na umeme tunatoa kando, shilingi mia tano, haurudi kwa mshindi. Na kwa mtu mzima mwenye fremu, fikiria pia watoto wa shule wanachanga hela kushindana mbele ya duka lako, mzazi akipita hapo utamuelezaje.

Jumamosi ikawa ya ushindani, Jumatano ikawa ya kujifurahisha. Hapa nilikuwa na picha moja kichwani na ikageuka. Nilidhani siku ya starehe ndo siku ya kutokupanga kabisa, kila mtu akae popote, hakuna alama hakuna karatasi. Kumbe siku ya starehe ndo inahitaji kupangwa zaidi. Jumamosi mtu amekuja kupigana, akipigwa anajua ndo mashindano, ana hasira lakini wiki ijayo anarudi na sababu. Jumatano mtu katoka kazini kachoka, anataka acheze acheke aende zake, ukimuweka na wale wanaume wanaoruka dirishani wakipiga risasi hewani, umemuongezea uchovu kwa hela yake mwenyewe. Mtumishi wa Mtumba aliniambia siku moja, "Fundi, mimi ofisini nimesemwa kutwa, na huku tena?" Tangu hapo Jumatano napanga kwa zile zile alama za Jumamosi ila sizitangazi wala hazibadiliki, wanajua tu wamekaa na watu wa kwao. Tunaweka masharti ya kuchekesha, bastola tu, au visu, au ramani ndogo ambayo kila mtu anafufuka papo hapo hakuna kukaa unasubiri. Hilo la kufufuka papo hapo kwa mchezaji dhaifu ni dawa, anakufa mara nyingi lakini anacheza, tofauti na lile la bomu ambalo ukifa umegeuka mtazamaji.

Wapo wanaobisha huku kupanga kwa uwezo, na wana hoja. Kampuni ya Ubisoft walileta gemu ya risasi ya XDefiant Mei 2024 wakatangaza kwamba mechi za kawaida hazitapangwa kwa uwezo, wachezaji wakongwe wakashangilia, na Juni 2025 seva, zile kompyuta zinazoendesha gemu, zikazimwa. Mimi sisemi ilikufa kwa sababu hiyo, gemu inaweza kufa kwa mengi, ila kelele za kushangilia hazikuiokoa. Na Black Ops 7, Call of Duty ya Novemba 2025, nayo ilikuja na mpango ambao uwezo unazingatiwa kidogo sana kwenye mechi za kawaida, kwa hiyo hata waliofanya lile jaribio wamelegeza. Hoja ya wakongwe ni kwamba zamani ulikuwa unaingia mechi hujui utakutana na nani, leo unawapiga kesho unapigwa, na ukipanda unaona umepanda, sasa hivi ukipanda wanakuletea wagumu zaidi unabaki palepale kama unapanda ngazi inayoshuka. Naielewa. Wale wakali wangu Jumamosi ndo wanavyohisi, wameongeza uwezo lakini kushinda kwao ni nusu kwa nusu kama zamani. Dawa niliyoipata ni kuwaonyesha alama, nabandika karatasi ukutani, mtu anaona mwezi wa tatu nilikuwa 1,080 sasa 1,240, anajua jasho lake limekwenda wapi. Gemu inayokupanga kwa siri na haikuonyeshi kitu lazima uishuku, na watu wana sababu ya kushuku, Activision hao hao walipata hataza mwaka 2017 ya kupanga mechi kwa namna ya kushawishi watu wanunue vitu, wakasema haijawahi kutumika kwenye gemu yoyote, lakini ukishasikia kitu kama hicho kila ukipigwa na mwenye skini, yale mapambo ya kununua, ya bei mbaya unawaza.

Tatizo ambalo sikulitegemea kabisa ni uchache wa watu. Hesabu zote hizi zinataka watu wengi. Ukiwa na kumi na wawili tu hakuna cha kutenga rumu kwa uwezo, mnacheza mlivyo. Na ndo maana mkicheza mtandaoni saa nane usiku mnakutana na watu wa ajabu, sio njama. Mfumo unavutwa pande tatu: uwezo ulingane, mtandao uwe karibu, na usisubiri sana. Mchana watu wapo tele unapata vyote, usiku wa manane watu wamelala, mfumo unaanza kulegeza kimoja kimoja, unakupa mtu wa ranki ya mbali, unakupa seva ya mbali, au unajaza roboti, na hizo roboti zipo kwenye gemu nyingi za simu hasa kwa akaunti changa, ukiona adui amesimama anakuangalia kama kuku aliyepotea usijisifu. Kwetu huku umbali nao ni jambo. Mwanga kwenye nyaya za faiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kila kilomita 1,000 kwenda na kurudi ni milisekunde 10, na hapo hujahesabu kona na mitambo njiani. Kutoka Dodoma mpaka Dubai kwa mstari ulionyooka ni karibu kilomita 4,000, mpaka Ujerumani karibu 7,000, na nyaya haziendi mstari ulionyooka, zinashuka kwanza Dar zikaingia baharini. Kwa hiyo pingi, yaani muda wa taarifa kwenda kwenye seva na kurudi, mara nyingi inaanza na milisekunde mia na kitu. Mei 2024 mikongo ya intaneti ya EASSy na SEACOM ilipokatika baharini nchi nzima ikayumba, sisi tulicheza karata. Kama gemu inakuruhusu kuchagua seva, jaribu kila moja kwa saa unazocheza wewe uangalie namba, usiende kwa jina la bara, halafu ukishapata ya chini baki hapo, kuhamahama kunakuharibia mkono.

Ila huo huo umbali ndo umetusaidia. Watu wawili wamekaa benchi moja Nkuhungu, risasi ya huyu kumfikia yule inakwenda nje ya nchi inarudi. Sasa kama ni hivyo, mtu aliyeko Singida ana tofauti gani na aliyeko kwenye benchi langu? Wote tunakwenda kwenye seva ile ile mbali huko, pingi zinapishana kidogo sana. Nikatafuta vijana wa Singida kupitia mteja wangu mmoja, wakaleta na wenzao wa Manyoni, tukaunganisha magrupu ya WhatsApp, karatasi ikawa ndefu na kupanga kukawa na maana, hata wenye mikono mizito wakapatikana wa kutosha kujaza rumu yao wenyewe wakachezana wao kwa wao, na hao ndo wenye kelele kuliko wote siku hizi.

Nesi sasa. Huyu dada anatuzidi wote, na simaanishi kidogo. Alama zake zilikuwa zimepita 1,500 wakati anayemfuata hajafika 1,300, kwa hiyo kila nikipanga inabidi nimpe vilaza wanne ili wastani ukubali, na mechi ikiwa hivyo kwenye karatasi ni sawa kabisa, nusu kwa nusu, ila hakuna anayeifurahia, wenzie wanne wanafuata tu nyuma yake kama vifaranga na upande wa pili watano wanamtafuta yeye peke yake. Mizani ya wastani haitoshi, angalia pia mkubwa na mdogo kwenye rumu moja wamepishana kiasi gani, mimi sasa sizidishi 300, na akiwepo yeye natafuta wakali wote niwaweke rumu moja hata kama tutasubiri. Mwenyewe aliwahi kuniambia, "Kaka, kushinda nimechoka, nataka mtu anitoe jasho." Akawa anacheza zaidi mtandaoni usiku akitoka zamu.

Singida wana vijana wawili wa kumtoa jasho. Walipocheza naye mara ya kwanza wakapigwa, wakaleta maneno kwenye grupu kwamba huyo sio mwanamke, ni mwanaume anatumia jina la kike, wanataka apige video koli huku anacheza ndo waamini. Kakataa, na mimi nimemuunga mkono, yeye sio wa kujithibitisha kwa mtu, alama zipo ukutani. Wakazira siku mbili wakarudi. Jumamosi hii wanaleta watano wao bora dhidi ya watano wetu, na mwalimu ameshaniambia mara mbili kwamba hata nikimuweka nesi na bodaboda wote wawili bado wastani wa Singida unatuzidi alama arobaini.